Nikimwachia Mungu, nani atalipa ada?

Barua

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, nina duka la vitenge. Nimezaliwa na kulelewa katika familia ya Kikatoliki, ndoa yangu ni ya kanisani, jumuiya sikosi na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, nimo. Nawaandikia kwa sababu neno "mwachie Mungu" limenichosha. Padre ameniambia kwenye kitubio, mwenyekiti wa jumuiya kaniambia, na mume wangu ananiambia karibu kila jioni. Hakuna hata mmoja aliyenieleza linafanywaje.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 21, yuko chuo Dodoma, mwaka wa pili. Tangu muhula uliopita nimegundua haendi Misa. Nampigia asubuhi, mchana na usiku. Asipopokea nampigia mwenzake wa chumbani. Mwezi uliopita nilimpigia hadi mwenye nyumba aliyempangisha. Alipojua akazima simu siku sita, na siku hizo sita sikula chakula kikapita. Binti yangu anafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu. Nimempangia ratiba ya kila nusu saa na madaftari yake nayakagua mwenyewe. Juzi akaniambia, "Mama, huu mtihani naona ni wako." Mume wangu anasema ndani ya nyumba hii hata kijiko kikihamishwa lazima nijue.

Siyo kwamba sisali. Nina novena tatu kwa mpigo, ya Mtakatifu Rita, ya Mtakatifu Yuda Tadei na ya Mtakatifu Antoni. Nikiruka siku moja naanza upya. Saa tisa alasiri nasali Rozari ya Huruma ya Mungu, Alhamisi naenda kuabudu Ekaristi. Lakini nikitoka kanisani, kabla sijafika getini simu iko mkononi. Saa nane za usiku naamka moyo unakwenda mbio, napiga hesabu za ada hadi jogoo anawika.

Jirani yangu anasema kuna mtumishi anayeona mambo ya mbele, atanitajia kila mwanangu atakavyokuwa. Sijaenda, ila siku zake nimeshaziuliza.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Naogopa nikimwambia Mungu "fanya utakavyo", atamchukua mwanangu. Ndiyo maana kila nikijaribu kuachia, mkono unakataa. Nieleweshwe: nikiamka kesho asubuhi, nafanya nini?

Mama wa Watatu

Jibu

Milele, amina, mama.

Tuanze na lile la mwisho, maana tunaona ndilo limeyafunga mengine yote. Hofu kwamba ukimkabidhi Mungu mtoto atamchukua wanayo wazazi wengi wanaosali kwa bidii, na wengi hawaitamki kwa kuwa inasikika kama kufuru. Siyo kufuru. Ni picha isiyo sahihi ya Mungu iliyojificha chini ya ibada, picha ya mtu anayekaa macho akingoja ulegeze mkono ili anyakue. Sala ya kujikabidhi ya Mtakatifu Charles de Foucauld, ambayo huenda umeisikia kwenye mafungo, inaanza kwa neno "Baba", kisha ndipo inasema "najiweka mikononi mwako". Imejengwa juu ya maneno ya Yesu msalabani katika Luka 23:46, na hapo pia neno la kwanza ni "Baba". Anayekabidhiwa anatajwa kwanza, kinachokabidhiwa kinafuata. Kwa hiyo kwa sasa usijilazimishe kusema "fanya utakavyo" ikiwa moyoni unasikia "mchukue". Sema ukweli wako kama ulivyo: "Baba, naogopa utamchukua mwanangu. Nisaidie nisikuogope hivyo." Hiyo ni sala kamili ya kujikabidhi kwa mtu aliyefika pale ulipofika wewe. Isali hivyo kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa sala nyingine yoyote ya kujikabidhi.

Kwa sababu hiyohiyo, usiichukue mapema ile sala ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, "Pokea, Bwana, uhuru wangu wote". Katika kitabu chake *Mazoezi ya Kiroho* inakaa mwishoni kabisa, kwenye tafakari ya upendo wa Mungu, baada ya mtu kupitia takribani siku thelathini za kusali. Mtu anayeisali akiwa na hofu siku ya kwanza huishia kujiona mnafiki.

Sasa, neno "mwachie Mungu". Padre alikuambia kweli, ila alikuambia kwa mkato. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kumtumaini Mungu ni kukunja mikono. Mwaka 1687 Papa Inosenti wa 11 alilaani mafundisho ya padre Mhispania Miguel de Molinos, aliyedai kuwa roho ikishajitoa kwa Mungu haipaswi tena kutenda, kuomba kitu, wala kupambana na kishawishi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 307, inasema Mungu amewapa wanadamu nafasi ya kushiriki kwa hiari katika maongozi yake. Kifungu cha 2830, kinapoeleza ombi la mkate wa kila siku, kinafafanua kwamba Yesu hatuiti kwenye uvivu, anataka kututua fadhaa. Kwa hiyo ada utalipa wewe na mumeo. Hilo halina mjadala.

Kuna usemi unaohusishwa na Mtakatifu Ignasi, nao umo katika kifungu cha 2834 cha Katekisimu: sali kana kwamba yote yanamtegemea Mungu, fanya kazi kana kwamba yote yanakutegemea wewe. Tukisoma barua yako tunaona umeishika nusu ya pili ukaiingiza hadi kwenye sala. Novena tatu kwa mpigo, kuanza upya ukiruka siku: hapo unasali kana kwamba hata sala yenyewe inategemea nguvu zako. Sala imekuwa simu nyingine ya kupiga, na Mungu naye ni kama yule mwenzake wa chumbani, unampigia ili umfikie mwanao.

Kwa hiyo tuanze na novena. Asili yake ni zile siku tisa kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, mitume wakiwa orofani pamoja na Maria, wakisali na kungoja. Walikuwa wanangoja kitu ambacho hawakujua kitakujaje. Chagua novena moja kati ya hizo tatu, imalize, nyingine ziache kwa mwezi huu. Ukiruka siku, endelea na siku inayofuata. Usianze upya. Kifungu cha 2111 cha Katekisimu kinaonya kwamba kuyapa nguvu matendo ya nje ya sala peke yake, bila moyo unaotakiwa, ni kutumbukia katika ushirikina. Hatusemi wewe ni mshirikina. Tunasema hiyo hesabu ya "nikiruka inaharibika" ndiyo mlango wake, na ndiyo inayokuchosha.

Umbo la sala lichukue Getsemani, Mathayo 26:39. Yesu anaomba kwanza bila kuficha, "kikombe hiki kiniepuke". Kisha anakabidhi, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Akaomba hivyo mara tatu, kwa hiyo kurudia ombi siyo kukosa imani. Fanya vivyo hivyo: taja ombi lako wazi kwa sentensi moja, kwa sauti ndogo, na liwe la kitu halisi ("naomba mwanangu arudi Misa"). Kisha sema sehemu ya pili, au ile sala yako ya hofu. Kisha kaa kimya dakika tano bila kuongeza maelezo. Kinachoharibika mara nyingi ni hizo dakika tano. Mtu akishaomba huanza kumpangia Mungu namna: kupitia rafiki fulani, kabla ya Krismasi, bila aibu. Ukijikuta unapanga, rudi kwenye lile neno la kwanza, "Baba", basi. Usijigombeze.

Siku ya Alhamisi baada ya kuabudu, simu ibaki imezimwa mpaka ufike nyumbani. Ni kitu kidogo, lakini ndipo utakapoona mkono unavyovuta.

Kwa kazi zako za mchana, nunua daftari la kurasa arobaini. Jumapili jioni, kwa dakika kumi na tano tu, fungua ukurasa na chora mstari katikati. Kushoto andika "Dhamana yangu wiki hii". Kulia andika "Ya Mungu na ya wenyewe". Kila jambo linalokukosesha usingizi ligawanye vipande viwili. Chukua ada. Tuseme zimebaki shilingi 600,000 na wiki 12. Kushoto: kuweka kando 50,000 kila Jumamosi jioni kabla ya kununua mzigo mpya, kwenda chuoni au kupiga simu ofisi ya uhasibu kuomba kulipa kwa awamu, kukaa na mume kupitia hesabu. Kulia: kama wateja watakuja, kama mkopo utaongezwa, kama bei ya vitenge itapanda. Za kushoto zipe siku na saa. Za kulia zisome kwa sauti mbele ya msalaba, kisha funga daftari. Usilifungue tena hadi Jumapili, isipokuwa kuweka alama kwenye kazi iliyokamilika.

Utakosea mahali pamoja, na tunakuambia mapema: utasogeza vitu vya kulia viende kushoto. "Kuhakikisha binti anafaulu" utaiandika kama dhamana yako. Kipimo ni hiki. Je, naweza kukifanya mimi mwenyewe, wiki hii, bila kumlazimisha mtu mwingine? Kumlipia binti ada ya mtihani, ndiyo. Kumwachia meza na taa, kumpunguzia kazi za jioni, ndiyo. Kufaulu kwake, hapana. Neno "kuhakikisha" likitokea kushoto, lifute.

Soma pia Kutoka 16 polepole. Waisraeli waliambiwa waokote mana pishi moja kwa kila mtu, ya siku hiyo tu. Waliobakiza hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Siku ya sita waliokota pishi mbili kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuharibika. Angalia vizuri: kuweka akiba pale Mungu aliposema kulikuwa utii, na mana haikuoza. Iliyooza ni ile iliyofichwa kwa hofu. Kwa hiyo bima, akiba ya kikoba na mbegu za msimu ujao haviko kinyume na imani. Kukesha ukizihesabu ndiko kunakonuka.

Sasa mwanao wa Dodoma. Hapa tutakaa zaidi.

Mtakatifu Monika umemsikia, sanamu yake au jina lake halikosi katika vikundi vya akina mama. Mara nyingi anasimuliwa kama mama aliyelia hadi mtoto akabadilika, basi. *Maungamo*, kitabu cha mwanae Mtakatifu Agostino, yana mengi kuliko hayo. Monika, mama wa Kiafrika kutoka Thagaste, alijaribu kila njia. Kuna wakati alikataa hata kukaa naye meza moja. Akamwendea askofu mmoja akimsihi azungumze na kijana ampangue hoja zake. Askofu akakataa: kijana hajawa tayari kufundishwa, mwache hapo alipo, mwombee tu kwa Bwana. Monika akang'ang'ania kwa machozi hadi askofu akachoka, akamwambia aende zake, mtoto wa machozi hayo hawezi kupotea. Watu hukumbuka maneno ya mwisho na kusahau ya kwanza, "mwache hapo alipo".

Kisha mwaka 383 Agostino akaamua kwenda Roma. Mama akamfuata hadi pwani ya Karthago ili amzuie au aende naye. Kijana akamdanganya. Usiku mama akiwa anasali katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriani karibu na bandari, yeye akapanda meli akaondoka. Monika usiku ule alikuwa anaomba kitu kimoja, mwanae asisafiri. Agostino baadaye anaandika kwamba Mungu alimnyima mama ombi la usiku huo ili ampe lile aliloliomba siku zote. Safari ileile aliyotaka kuizuia ndiyo iliyomfikisha Agostino Milano, kwa askofu Ambrosi, akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Tafadhali usisome hapa kwamba mama anapaswa kukaa mbali. Monika alivuka bahari akamfuata Milano. Aliendelea kuwa mama. Alichojifunza ni kukaa karibu bila kumkamata.

Kwa vitendo, mama, ni hivi. Mwandikie mwanao ujumbe mmoja, mfupi, bila Biblia ndani yake. Kwa mfano: "Mwanangu, nimekupigia kupita kiasi na nimewaingiza watu wengine. Nisamehe. Kuanzia wiki hii nitakupigia Jumapili saa moja usiku tu. Wewe nipigie wakati wowote." Usiongeze "lakini". Usiongeze "ni kwa sababu nakupenda". Halafu timiza. Mpigie pia mwenye nyumba na yule mwenzake, waombe radhi, futa namba zao. Tunasema futa kwa sababu namba ikiwepo, usiku utaitumia.

Siku nne au tano za mwanzo fadhaa itapanda kabla ya kushuka. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma wakidhani ile hofu ni Roho Mtakatifu anawaonya. Hamu ya kupiga ikija, tazama saa, ngoja dakika ishirini. Katika hizo dakika fanya kitu cha mikono, kunja vitenge, osha vyombo, huku ukirudia "Yesu, nakutumainia". Maneno hayo ndiyo yaliyoandikwa chini ya picha ya Huruma ya Mungu tangu ilipochorwa Vilnius mwaka 1934 kwa maelekezo ya Mtakatifu Faustina, na unayajua tayari kutoka kwenye rozari yako ya saa tisa. Vuta pumzi kwa "Yesu", itoe polepole kwa "nakutumainia". Mara nyingi dakika ishirini zikiisha kilele kimepita.

Kuna njia nyingine ya kuanguka iliyojificha zaidi: kuacha kupiga wewe na kumtuma baba yake apige, au mjomba "apite tu kumsalimia". Hiyo ni simu yako kwa mkono wa mtu mwingine. Na Jumapili mnapoongea, swali la Misa usiliulize kwa mwezi wa kwanza. Muulize amekula nini, masomo yakoje, anahitaji nini. Anajua unachokitaka; amekisikia miaka 21. Yule baba wa mwana mpotevu katika Luka 15 alimgawia mali na hakumfuata nchi ya mbali, lakini kijana alipokuwa angali mbali, baba alimwona. Ina maana alikuwa akitazama njia. Kazi yako kwa sasa ni kuiweka hiyo njia wazi, ili siku akitaka kurudi asikute maswali mlangoni.

Tofautisha na hatari ya kweli. Ukisikia mwanao ametumbukia katika dawa za kulevya, ametishia kujiua, au amepotea hata wenzake hawajui alipo, usingoje Jumapili. Panda basi, piga simu polisi, nenda. Huko ni kutimiza dhamana ya mzazi na hakuna kitabu cha kiroho kitakachokulaumu.

Kuhusu saa nane za usiku, kuna kanuni moja ya Mtakatifu Ignasi tunayotaka uibandike ukutani: wakati wa ukiwa wa kiroho, yaani moyo unapojiona mkavu na umeachwa, usibadili uamuzi uliofanya wakati wa amani. Saa nane usiku ni saa ya ukiwa hata kwa watakatifu. Hesabu ya ada ilifanyika Jumapili jioni ukiwa na akili timamu, basi hiyo ndiyo hesabu. Simu ilale sebuleni. Kando ya kitanda weka kalamu na kipande cha karatasi. Ukiamka na wazo, liandike kwa mstari mmoja, kisha sema maneno ya Zaburi ya 31 ambayo Kanisa huyasali kila usiku kwenye sala ya kumaliza siku: "Mikononi mwako naiweka roho yangu." Ikipita nusu saa hujasinzia, toka kitandani, kaa kwenye kiti, sali fungu moja tu la rozari. Moja. Usimalize yote kama mtu anayelipa deni.

Fungu hilo liwe tendo la tano la furaha, Maria na Yosefu wanapomkuta Yesu hekaluni. Mama Maria alimpoteza mtoto wa miaka 12, akamtafuta kwa siku tatu, na alipomwona alisema kama mama yeyote: "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Akajibiwa jibu ambalo Luka anasema wazi kuwa hawakulielewa. Hakukuwa na maelezo ya ziada. Walirudi pamoja Nazareti, naye akayaweka hayo yote moyoni mwake. Kaa na huyo mama usiku. Asubuhi soma karatasi yako: mawazo mengi yataangukia upande wa kulia wa daftari, moja au mawili kushoto. Ya kushoto yaongeze kwenye kazi za siku.

Kabla ya kulala, tumia dakika kumi kwa mtihani wa dhamiri wa Ignasi, wenye hatua tano: shukuru kwa vitu vya siku hiyo ukivitaja, omba mwanga, pitia siku saa kwa saa, omba msamaha, azimia jambo moja la kesho. Swali lako kwenye hatua ya tatu liwe moja: "Leo nimeshika nini ambacho si changu?" Watu wenye wasiwasi hugeuza sala hii kuwa mahakama. Ndiyo maana shukrani inatangulia, na ndiyo maana dakika ni kumi. Zikiisha, zima taa hata kama hujafika hatua ya tano.

Kwa huyo mtumishi anayeona mambo ya mbele, usiende. Hapa hatuna la kupunguza. Kifungu cha 2115 cha Katekisimu kinasema msimamo sahihi wa Mkristo ni kujiweka kwa matumaini mikononi mwa Mungu kuhusu mambo yajayo na kuacha udadisi usiofaa, na cha 2116 kinakataza kila aina ya ubashiri. Achilia mbali katazo, tazama kitakachokupata: akikuambia mwanao atakuwa sawa, utarudi wiki ijayo kuuliza tena, akikuambia vinginevyo, hutalala kabisa. Siku ulizoziuliza zifute na hizo.

Ikiwa kuamka huko kwa moyo kwenda mbio kumekuwa kwa wiki nyingi, au unakosa hamu ya kula na duka linakushinda, nenda hospitali ukamweleze daktari hivyo ulivyotueleza sisi. Wasiwasi uliopita kiasi unaweza kuwa ugonjwa, na tezi ya shingo au shinikizo la damu navyo huleta mapigo ya namna hiyo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anaagiza kumheshimu daktari kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana, na kwamba dawa zatoka ardhini kwa mkono wa Mungu. Kumeza dawa aliyokuandikia daktari hakupunguzi imani hata punje. Na kwenye kitubio baki na padre mmoja. Mweleze mara moja kwamba unajifunza kuachia, mwombe akuulize kila mwezi umefikia wapi, halafu usirudie kuungama hofu ileile kana kwamba ni dhambi mpya. Hofu inayokujia bila kuitaka si dhambi.

Mume wako mpe jambo moja la nyumbani lote: aamue, afanye, akosee. Labda soko la Jumamosi. Akileta nyanya mbovu, pika.

Na binti. Mwombe msamaha kwa hiyo ratiba, mwachie aandike yake, mwulize anataka msaada gani kwako na ushike hicho tu. Asubuhi ya mtihani wa kwanza mpikie uji mapema. Kabla hajatoka, mchoree ishara ya msalaba kwenye paji la uso na umbariki kwa maneno yako. Mzazi ana haki hiyo kwa ubatizo wake. Mtazame anavyokwenda mpaka akate kona. Kisha fungua duka. Jioni akirudi, usimuulize maswali yalikuwaje. Mpakulie chakula, akitaka kusimulia atasimulia.

Tunakuombea, wewe na watatu wako na baba yao.

Safu ya Ushauri